Mashine mpya, kahawa chachu: tuanze na kinachosaga

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Chumbageni, Tanga. Miezi miwili iliyopita nilinunua mashine ndogo ya espreso. Boksi limeandikwa bari 15, wati 1350. Nanunua punje zilizokwisha kukaangwa, nazisaga kwa kile kinu kidogo cha blenda. Kahawa inatoka mbio, sekunde kumi tu kikombe kimejaa. Povu lipo tele, lakini ladha ni chachu kama ukwaju, halafu inaacha uchungu kooni. Nikisaga zaidi mashine inanguruma tu, haitoi kitu. Nina akiba kidogo. Ninunue mashine kubwa zaidi, au nakosea mahali?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mashine usiibadilishe. Akiba yako ipeleke kwenye kitu cha kusagia.

Hayo uliyoeleza, uchachu na uchungu ndani ya kikombe kimoja, ni alama ya kisu cha blenda. Kisu hakisagi, kinakatakata. Punje iliyogongwa mara nyingi inakuwa vumbi, iliyoponyoka inabaki chenga. Maji ya moto yakifika hapo, chenga zinatoa uchachu tu, kwa sababu asidi ndizo zinazotoka mwanzo na utamu hufuata baadaye. Vumbi nalo linatoa mpaka uchungu wake wa mwisho. Ukisaga zaidi, vumbi linaongezeka na kuziba kichujio, ndiyo maana mashine inanguruma. Hakuna kipimo cha katikati utakachokipata kwa kisu, hata ukijaribu mwaka mzima.

Mabibi zetu walikuwa na mawe mawili ya kusagia, moja limetulia, jingine linazungushwa juu yake. Mashine nzuri ya kusagia kahawa inafuata njia hiyohiyo, ila mawe yake ni meno ya chuma. Punje haitoki mpaka iwe ndogo kuliko mwanya ulio kati ya meno. Ukibana mwanya, unga unakuwa laini. Ukilegeza, unakuwa mkubwa. Kwa espreso, mwanya huo unatakiwa ubadilike kwa hatua ndogo sana. Ukienda dukani usiulize ina rangi gani wala mota yake ni wati ngapi. Uliza: kila hatua inasogeza meno kiasi gani? Ikiwa hatua moja ni mikroni 20 au pungufu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), itakufaa. Zile za bei poa zenye hatua kubwa zinafaa kahawa ya kuchuja, ila kwa espreso utajikuta hatua hii inatoka mbio, inayofuata imeziba, na katikati hakuna kitu.

Kwa mtu wa Tanga anayekunywa vikombe viwili vitatu kwa siku, mimi napendekeza ya kuzungusha kwa mkono, yenye meno ya chuma cha pua na mhimili usioyumba. Fedha yote inakwenda kwenye meno badala ya mota, na umeme ukikatika unaendelea kusaga. Gramu 15 utazimaliza kwa dakika moja hivi.

Kabla ya kununua lakini, fanya jambo moja leo. Toa kile kichujio cha bati kwenye mkono wa mashine, yaani kile kishikio unachotilia unga, kisafishe, kiinue dirishani na ukitazame kwa nyuma. Ukiona vitundu vingi mithili ya chekeche, ni kichujio cha kawaida. Ukiona kitundu kimoja tu kidogo katikati, hicho ni cha kuta mbili. Nahisi ndicho ulicho nacho. Kahawa inalazimishwa kupita kwenye tundu hilo moja, inapulizwa, na lile povu lako tele linatokea hapo, halitoki kwenye kahawa yenyewe. Kimetengenezwa kwa watu wanaotumia unga wa pakiti, na kwa kazi hiyo hakina ubaya. Tatizo ni kwamba ukikitumia, kurekebisha usagaji hakuonekani sana kikombeni. Tafuta kichujio cha ukuta mmoja cha kipenyo chako. Mashine nyingi za aina yako ni milimita 51, lakini pima kwa rula kwanza, kwa kuwa zipo za 54 na za 58.

Na zile bari 15 zisikutie wasiwasi wala zisikupe kiburi. Bari ni kipimo cha shinikizo, na huo ni uwezo wa juu wa pampu. Espreso inahitaji kama bari 9 tu, na pampu yako inazifikia bila taabu endapo unga unaipa ukinzani wa kutosha. Sasa hivi maji hayakutani na kizuizi chochote, yanakatiza.

Ukishapata kisagio na kichujio, ongeza mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama zile za masonara. Halafu tunaanza.

Pima gramu 15 za punje, kwa kuwa vichujio vya milimita 51 vingi vinachukua kati ya 14 na 16. Lengo ni gramu 30 za kahawa kikombeni, ndani ya sekunde 25 hadi 30 tangu ubonyeze swichi. Uzito wa unga usiuguse, uzito wa kahawa inayotoka usiuguse. Unachobadilisha ni usagaji peke yake. Watu wengi wanaharibu hapa. Kahawa ikitoka mbio wanasaga laini zaidi, wanaongeza unga na wanashindilia kwa nguvu, yote kwa mpigo, kisha hawajui kilichosaidia ni kipi.

Nikupe mfano wa asubuhi moja kwenye meza yangu. Kikombe cha kwanza: gramu 30 zimefika sekunde ya 11, mchirizi mweupe, chachu kabisa. Nikabana hatua tatu. Sekunde 18, uchachu umepungua lakini kahawa nyepesi, kama chai iliyorudiwa. Nikabana mbili tena. Sekunde 27: ilianza kudondoka taratibu, rangi ya kahawia iliyoiva, ikawa uzi mwembamba, na nilipoonja nikapata utamu wa sukari guru kabla ya uchungu. Ningeweza kuishia hapo, ila huwa napita makusudi ili nijue mpaka uko wapi. Nikabana mbili tena: sekunde 42, inadondoka tone tone, ladha ya kuungua, ulimi unakauka. Nikarudi. Fanya hivyo nawe, kwa sababu mtu aliyewahi kuonja pande zote mbili hapotei tena. Na ulimi ukipingana na saa, ufuate ulimi. Kahawa iliyokaangwa nyeusi inaweza kuwa nzuri sekunde 23, iliyokaangwa kidogo ikataka 32.

Kila unapobadilisha hatua, saga gramu mbili hivi uzitupe, maana unga wa zamani unabaki kwenye meno. Na ikiwa siku moja utanunua ya umeme, ibane ikiwa inazunguka; ukibana imesimama na punje zimo, meno yanakwama.

Kuna kazi ndogo kati ya kusaga na kubonyeza swichi ambayo watu wanaipuuza. Hewa yetu ya pwani ni nzito, unga unashikana madonge. Chukua kizibo laini cha chupa, chomeka sindano tatu nne nyembamba za kushonea, vichwa ndani, ncha nje, na ukoroge unga ndani ya kichujio mpaka chini, taratibu, kwa mizunguko midogo. Sawazisha. Shindilia ukiwa umenyoosha mkono, mpaka unga usikubali kushuka tena, basi. Nguvu ya ziada haileti kitu, lakini ukishindilia upande upande maji yatakwenda kule kulikoinama. Ukiona baada ya kahawa kutoka kuna kishimo kwenye unga uliobaki, au kahawa ilirusha vichirizi pembeni, ujue maji yalijitafutia njia. Hapo usiguse hatua ya kusaga, rudia kukoroga.

Halafu pasha moto. Mashine ndogo huwa na chuma baridi. Pitisha maji matupu kwenye mkono wa mashine mara mbili, uufute, ndipo uweke unga. Maji yakifika kwenye kahawa chini ya nyuzi 90, uchachu utarudi hata kama umesaga vizuri.

Punje nazo. Nunua zenye tarehe ya kukaangwa, zipe siku saba hadi kumi na nne zipumue gesi, kisha zitumie ndani ya mwezi. Kwa joto na unyevu wa Tanga zinachakaa haraka kuliko Lushoto, na kadiri gesi inavyotoka, kahawa inapita kwa kasi zaidi. Kwa hiyo hatua iliyokuwa sawa Jumatatu, Ijumaa itataka kubanwa kidogo. Usidhani umeharibu kitu. Ukinunua kilo, igawe kwenye vifuko vidogo visivyoingiza hewa, uvigandishe. Kifuko kikitoka usikifungue mpaka kipoteze ubaridi, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye punje. Ukitaka povu zito la kweli, changanya arabika ya milimani na robusta kidogo ya Kagera. Mimi nakunywa hivyo.

Maji ya kisima usiyatie. Mwamba wetu ni matumbawe, maji yake yana chokaa, na nimeshafungua mashine za watu zikiwa na ukoko mweupe ndani kama sufuria ya kuchemshia. Tumia maji ya bomba uliyoyachuja.

Kwenye umeme, wengi wanachomeka mashine kwenye kile kifaa cha kulinda friji. Wati 1350 kwa volti 230 ni karibu ampea 6, na vifaa vingi vya friji ni vya ampea 5. Kitaungua. Chukua cha ampea 13.

Najua kahawa ya dele uliyokulia nayo ina tangawizi na iliki. Kwenye espreso ukitaka iliki, itwange pembeni uitie kikombeni. Usiisage pamoja na kahawa, kwa sababu mafuta yake hayatoki kwenye meno, wala usiitie kwenye kichujio.

Ukifika kwenye kikombe cha nne au cha tano, niandikie gramu ulizoweka, gramu zilizotoka, sekunde, na ladha kwa maneno yako mwenyewe.