Jibu: Mipango yangu yote inakufa wiki ya pili

Salamu ndugu. Umesema unakaa Mukono, kazi iko Kampala, na ulianza mambo manne kwa mpigo: masomo ya jioni, mazoezi, kuku wa mayai na akiba. Wiki ya pili yote chali. Unauliza kama ni uvivu.

Sidhani. Angalia barabara kwanza. Ni kama kilomita 21 tu, lakini foleni ya barabara ya Jinja unaijua, nami natokea upande huohuo. Kwa wiki moja andika saa unayotoka na saa unayofika nyumbani. Saa zinazobaki ndizo za kupangia, si zile za kichwani. Mimi jimu ya usiku niliiacha. Nashuka teksi kabla ya steji yangu, natembea. Basi.

Akiba usiitegemeze kwenye moyo wa kujikaza. Kagua hati ya mshahara: NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, ni asilimia 5 ya mshahara kutoka kwako na 10 ya mwajiri. Kama haipo, uliza ofisini kabla hata ya kufikiria kuku. Nyingine ipeleke SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, siku ileile ya mshahara, maana ikikaa kwenye simu italiwa na bodaboda na rolex, ile chapati ya mayai.

Masomo na kuku, chagua kimoja. Ningechukua masomo, kwa sababu kuku wanataka mtu mchana na hukusema nani yuko nyumbani. Kufuga sijawahi, hapo wasikilize wafugaji. Na kama una mwenzako nyumbani, anasemaje kuhusu hizo jioni za masomo?