Kumrudisha gwiji klabuni kama kiongozi: mkubaliane nini kabla ya kumtambulisha

Mkuu, umeuliza kama klabu ikimrudisha nahodha wake wa zamani awe mkurugenzi wa michezo itakuwa imelamba dume, au itamchoma bure mtu inayempenda. Jina lake litawabeba siku ya kumtambulisha, na pengine dirisha moja la usajili. Baada ya hapo kinachofanya kazi ni karatasi mliyosaini naye, na karatasi hiyo lazima iseme waziwazi: kwenye kununua na kuuza mchezaji, nani ana neno la mwisho.

Paolo Maldini alilijua hilo mapema. Oktoba 2016, wanunuzi wa Kichina walipokuwa wanakaribia kuichukua AC Milan, aliitwa awe mkurugenzi wa ufundi. Mtu aliyeichezea klabu hiyo moja mechi 902, na baba yake Cesare alikuwa nahodha hapo hapo, alikataa. Alieleza sababu hadharani: kila usajili angelazimika kukubaliana na Massimiliano Mirabelli, mkurugenzi wa michezo, na hakuridhika na utaratibu aliopewa wa nini kifanyike wakitofautiana. Wengi walimwona anaringa. Mimi naona lile ndilo swali bora ambalo gwiji anaweza kuuliza mezani.

Alirudi 2018 chini ya Elliott, mfuko wa uwekezaji wa Marekani uliokuwa umeichukua klabu, na 2019 akawa mkurugenzi wa ufundi. Kiangazi hicho alimfuata Theo Hernandez hadi Ibiza kumshawishi aondoke Real Madrid. Hapo ndipo jina la gwiji linapolipa: beki wa kushoto kijana anaitwa na Maldini mwenyewe. Mei 2022 Milan wakawa mabingwa wa Italia, mara ya kwanza tangu 2011. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni 2022, na aliusaini siku hiyo hiyo ya mwisho. Bingwa akisaini saa za mwisho, jueni kuna jambo halijamalizwa. Klabu ikahamia kwa RedBird, kampuni nyingine ya uwekezaji ya Marekani, Charles De Ketelaere akanunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 30 na kumaliza msimu bila bao hata moja, na Juni 2023 Maldini akafukuzwa. Ndiyo maana kwenye mkataba wenu wekeni kipengele cha mabadiliko ya umiliki: mwekezaji mpya akiingia, madaraka ya mkurugenzi yajadiliwe upya ndani ya siku 30, kwa maandishi.

Jambo la pili ni ngazi, yaani gwiji apande hatua kwa hatua kabla ya kushika madaraka. Uli Hoeneß alipewa umeneja wa Bayern Mei 1979 akiwa na miaka 27, goti limeshamstaafisha. Klabu ilidaiwa marka (fedha ya Ujerumani ya wakati ule) milioni 7 hivi huku mapato ya mwaka yakiwa kama milioni 12. Ila hakuokotwa tu. Akiwa bado mchezaji alishaleta mdhamini, kampuni ya malori ya Magirus-Deutz, na fedha zake zikasaidia kumrudisha Paul Breitner 1978. Kisha 1984 Karl-Heinz Rummenigge, aliyecheza naye timu moja, akauzwa Inter, na fedha zile zikaivusha klabu kwenye madeni. Huo ndio mtihani: gwiji wenu anaweza kumuuza rafiki yake, kipenzi cha jukwaa, hesabu zikidai hivyo? Kama jibu ni hapana, mpeni ubalozi wa klabu. Nao ni kazi ya heshima.

Ajax walijenga ngazi vizuri zaidi. Edwin van der Sar, kipa wao wa zamani, alirudi 2012 kama mkurugenzi wa masoko, huku akisomea usimamizi wa michezo katika taasisi ya Johan Cruyff, na akawa mtendaji mkuu mwaka 2016 tu. Miaka minne ya kujua mikataba ya wadhamini kabla ya kushika klabu nzima. Usajili ulibaki kwa Marc Overmars, naye mchezaji wa zamani wa hapo. Mwaka 2019 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakamuuza Frenkie de Jong na Matthijs de Ligt kwa euro milioni 75 kila mmoja. Kilichovunja mambo ni pengo la mrithi. Februari 2022 Overmars aliondoka ghafla kwa sababu ya ujumbe usiofaa aliowatumia wafanyakazi wa kike. Kocha Erik ten Hag naye akaenda Manchester United, wachezaji kadhaa wakauzwa kiangazi kimoja, timu ikamaliza ya tatu, na Mei 2023 van der Sar akajiuzulu. Kila gwiji mnayemwajiri awe na msaidizi anayejua mafaili yote.

Huku kwetu ngazi hiyo ni adimu. Charles Boniface Mkwasa aliichezea Yanga, akaifundisha, na 2017 akawa Katibu Mkuu, mwaka huo huo Yusuf Manji alijiuzulu uenyekiti. Mwishoni mwa 2019 akarudi benchi. Dan Shikanda, mchezaji wa zamani wa AFC Leopards ya Kenya, aliingia 2019 kwa njia nyingine, akachaguliwa mwenyekiti. Naye mbali na kucheza ni daktari. Msichanganye njia hizi. Aliyechaguliwa anawajibika kwa wanachama na hamuwezi kumfukuza kwa barua. Aliyeajiriwa anawajibika kwa bodi. Mkurugenzi wa michezo awe mwajiriwa.

Sasa fedha. Wekeni kikomo. Kwa klabu ya Ligi Kuu unaweza kusema: mchezaji wa hadi shilingi milioni 50, mkurugenzi na kocha wanamaliza, zaidi ya hapo, saini mbili, yake na ya mkuu wa fedha, ambaye kwanza anathibitisha mshahara wa msimu mzima upo. Hapa magwiji huanguka kwa wema. Anamwahidi mchezaji kwa simu, "njoo, hela ipo," kwa kuwa enzi zake neno la kiongozi lilitosha. Kanuni za FIFA hazijui ahadi. Mshahara wa miezi miwili usipolipwa, mchezaji anawaandikia notisi ya siku 15, kisha anavunja mkataba kihalali. FIFA ikiamua mlipe, mna siku 45. Mkishindwa, mnaweza kufungiwa usajili hadi madirisha matatu. Mkataba wake ukataze ahadi yoyote isiyo kwenye maandishi, na udhibiti pia usajili wa ndugu zake.

Kuondoka nako kuandikwe. Oliver Kahn, kipa wa zamani wa Bayern, alipandishwa kwa utaratibu: bodini Januari 2020, mtendaji mkuu Julai 2021. Bado aliondolewa tarehe 27 Mei 2023, siku ile ile Bayern walipochukua ubingwa Köln kwa bao la Jamal Musiala dakika ya 89, na hakuwepo uwanjani. Wekeni tarehe ya tathmini wiki mbili baada ya ligi kwisha, notisi ya miezi mitatu, na taarifa kwa vyombo vya habari inayosomwa na pande zote mbili kabla ya kutoka.