Saa ya Basi na Saa za Stendi

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba saa inayosafiri huenda polepole kuliko iliyotulia. Lakini nikiwa ndani ya basi kutoka Moshi kwenda Arusha, naweza kudai kwamba nimetulia mimi, na barabara ndiyo inayokimbia. Sasa saa inayochelewa ni yangu au ya ndugu yangu aliyebaki stendi? Haiwezekani kila mmoja awe nyuma ya mwenzake. — Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, pingamizi lako ni la haki, na waandishi wengi hulikwepa. Kila mmoja wenu akiipima saa ya mwenzake ataikuta inakwenda polepole, na wote wawili mtakuwa sahihi, kwa sababu hamkubaliani juu ya maana ya “wakati mmoja”.

Tazama kipimo chenyewe. Umeondoka Moshi saa mbili kamili asubuhi, saa yako ikilingana na ya stendi, ukafika Arusha, kilomita 80 mbele, baada ya saa moja (anayeijua barabara ile atacheka, lakini tukubaliane hivyo). Ukiilinganisha na saa ya stendi ya Arusha, yako itakuwa nyuma kwa takriban pikosekunde 10. Pikosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa trilioni. Lakini saa hiyo siyo ile uliyoanza nayo! Barabara imetumia saa mbili tofauti, moja ya stendi ya Moshi na moja ya stendi ya Arusha, na watu wa stendi wanaapa kwamba zilianzishwa pamoja, kwa mmweko mmoja wa mwanga uliotoka katikati ya njia. Wewe hukubali: kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila mpimaji, kama Einstein alivyoshikilia mwaka 1905, na kwa kuwa kwako Arusha ilikuwa ikiujia mmweko huo huku Moshi ikiukimbia, saa ya Arusha ilianza kwanza, kwa pikosekunde 20 hivi. Njiani saa za stendi zimepoteza 10 kwa hesabu yako. Toa 10 katika 20, unabaki na zile zile 10 ulizozikuta.

Ukigeuza basi na kurudi Moshi, usawa huo unavunjika, kwani umebadili mwelekeo wewe, na ndugu yako hakubadili. Sasa saa yako na ile ile ya stendi ya Moshi zinakutana tena, na iliyo nyuma ni yako.

Palipo na kasi kubwa jambo hili halihitaji kukisiwa. Muoni, chembe zinazozaliwa angani kilomita 15 hivi juu yetu, huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni), muda ambao hata mwanga haumalizi mita 700. Hata hivyo nyingi hufika ardhini, kwa kuwa saa yao, tukiipima sisi, huenda polepole.

Nimeacha makusudi jambo moja. Arusha iko juu ya Moshi kwa mamia ya mita, na saa iliyo juu, ambako uvutano ni hafifu, huenda haraka zaidi. Tofauti hiyo ingezimeza pikosekunde zetu 10, lakini ni suala la nadharia nyingine ya Einstein, ile ya uvutano ya mwaka 1915.