Kwanza tafuta chombo kitalala wapi

Tangu nieleze hapa jinsi mimi na kaka yangu tulivyounda mashua ndogo ya tanga kwa mbao za mkaratusi, tukaipeleka hadi kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, bila mota, barua hazijakoma. Nyingi zinauliza jambo moja: mtu anayetaka maisha ya majini ahamie wapi? Leo najibu sita, nikiwa hapa hapa Bukavu.

Yaya, mwaka kesho nastaafu ualimu. Nataka kuuza parseli yangu ya Kadutu ninunue ukingoni, kati ya Muhumba, Nguba na La Botte. Nataka niwe naamka naiona mashua yangu. Ni wapi pazuri? (Papa mwalimu, Kadutu)

Papa, pongezi kwa miaka yote ya chaki. Umeniuliza habari za nyumba, na mimi nitaanza na mashua, kwa sababu nyumba ukiijenga vizuri itasimama karibu popote. Mashua inachagua.

Ziwa letu ni refu kwenda chini. Panapozama kabisa ni karibu mita 485, na milima inayolizunguka haikomi ukingoni, inaendelea kushuka ndani ya maji. Siku moja upande wa Kalehe nilifunga jiwe kwenye kamba ya mita 30, nikaliteremsha mahali ambapo mtoto angeweza kurusha kokoto likafika nchi kavu. Kamba iliisha mkononi mwangu, jiwe bado linaning'inia. Mahali kama hapo nanga haina pa kushika. Upepo ukigeuka usiku, asubuhi utaikuta mashua juu ya mawe.

Ghuba ya Bukavu inatusaidia, kwa kuwa kina chake ni kifupi kuliko cha ziwa lenyewe. Rasi za mji zinaingia majini kama vidole, na baina ya vidole kuna vighuba vyenye tope chini. Tope ndilo unalolitafuta. Ningeanza huko, kwenye mikono ya maji iliyoingia ndani, kabla ya kutazama ncha za rasi ambako nyumba zina sura nzuri na maji yanapiga ukuta mchana kutwa.

Sasa upepo. Nenda na kigoda chako, ukae pale unapopatamani, alfajiri kisha saa tisa mchana, kwa siku kadhaa. Tazama moshi wa majiko. Alfajiri utauona umelala kuelekea ziwani, maana hewa ya baridi inashuka kutoka milimani. Mchana unageuka, unaelekea kilimani, kwa kuwa nchi kavu imepata joto na upepo unatoka majini. Hiyo ndiyo saa yako ya kutweka tanga, na ndiyo saa ambayo mawimbi yatakipiga kibandari chako kama hakina kinga upande wa kaskazini. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unaongeza nguvu. Pita tena wakati huo kabla ya kutoa pesa.

Kisha urudi baada ya mvua kubwa, utazame chupa. Plastiki tunayoitupa mitaroni inaelea hadi pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, na kule kwenye bwawa la Ruzizi I, lililojengwa miaka ya 1950, inaziba mitambo hadi mji unakosa umeme. Inaniuma kila nikiiona. Lakini chupa hizo zinakuonyesha kitu: zinapojikusanya ndipo maji na upepo vinaposukuma kila kinachoelea. Mashua yako nayo, kamba ikikatika, itakwenda huko huko.

Kuhusu ardhi, wewe ni mtu wa vitabu, unajua kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni mali ya Serikali, na unachonunua ni haki ya kuutumia. Mpeleke mtu wa kadastre, ofisi ya kupima ardhi, akuonyeshe kwa mguu parseli inaishia wapi na njia ya kufika majini ni ya nani. Nimeona watu wamelipa bei ya ukingoni wakajikuta juu ya ukuta, ziwa liko chini yao na hakuna ngazi. Tazama pia nyufa kwenye udongo na kwenye kuta za jirani. Milima ya Bukavu inateremka, na mvua ya Aprili haina huruma.

Ungekuwa baba yangu mzazi ningekuambia usiuze Kadutu kwanza. Panga chumba karibu na maji mwaka mmoja, mvua na kiangazi, mashua uifunge kwa mvuvi mmoja unayemwamini na umlipe. Ukimaliza mwaka huo utakijua kighuba chako kwa jina.

Mume wangu anataka tuhamie ukingoni na watoto watatu. Mimi sijui kuogelea, nikiona maji moyo unaruka. Ananiambia nitazoea. (Mama Furaha, Panzi)

Mama, woga wako una akili. Sote tunakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova limejaa watu kupita kiasi lilivyopinduka mbele ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ukingoni. Walikufa makumi, na nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho. Sikukumbushi ili nikuogopeshe. Nataka umwonyeshe mumeo kwamba kuzoea maji na kuyajua ni vitu viwili.

Ziwa Kivu limetuhurumia kwa jambo moja: halina mamba, na maji yake ya juu hayana baridi kali. Mtoto anaweza kujifunza kuelea hapa bila hofu hiyo. Afundishwe kabla ya kuhama, na wewe pamoja naye, maji yakiwa kifuani, huku mtu anayejua amekushika mgongo. Kuelea chali ndilo somo la kwanza, kuogelea kutafuata.

Gileti, lile koti la kuelea, ipimwe mwilini. Mvalishe mtoto, funga kamba zote, kisha mshike gileti mabegani umnyanyue. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa. Majini itamvuka kichwa. Usikubali ile ya "atakua nayo". Na nyumba yenyewe iwe na uzio na mlango wenye komeo kati ya jiko na maji, kwa sababu mtoto mdogo hazami wakati wa safari tu, anazama saa ile mama anageuza ugali.

Nyumbani kwetu tuna desturi moja, naomba muichukue: asiyejua kuogelea ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema leo hatutoki, hatutoki, hata kama tanga limeshatwekwa.

Mimi niko Himbi, hapa Goma. Ndoto yangu ni kulala ndani ya boti, lakini wanasema chini ya ziwa kuna gesi itakayolipuka. Nihame Goma? (Kijana wa Himbi)

Mdogo wangu, gesi ipo kweli. Chini ya mita 260 hivi maji yameshikilia kabondayoksaidi ya kilomita za ujazo 300 hivi, na methani kama 60. Wanaotuogopesha wanakumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambako tarehe 21 Agosti 1986 gesi ilitoka usiku ikaua zaidi ya watu 1,700. Kwetu uzito wa maji ya juu ndio unaoifungia gesi chini. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia ziwani Januari 2002 na gesi ile haikutoka. Wataalamu wanaendelea kuipima, na upande wa Rwanda, karibu na Karongi, tangu 2016 wanaivuta methani na kuzalisha umeme.

Kitu cha kukuhangaisha kila siku ni kidogo zaidi na kiko karibu zaidi: mazuku. Wewe ni mtu wa Goma, nisikufundishe neno lako. Hewa ile ya sumu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatoka kwenye nyufa za ardhi na kujaa mashimoni, kuanzia mjini hadi upande wa Sake, hasa alfajiri ambayo haina upepo. Haionekani. Mbuzi anakufa amelala kama aliyeshiba. Sasa fikiria boti lililovutwa kwenye korongo dogo la ukingoni, nawe umelala chini kabisa ndani yake: umejiweka ndani ya bakuli. Kama ni lazima ulale botini, lala likiwa linaelea nje penye upepo, usilale kwenye shimo la ukingoni. Waulize wazee wa mtaa ni wapi kuku na mbuzi wamewahi kufa, ufuate neno lao.

La pili ni mawe. Ukingo wa Goma ni lava, nyeusi na kali kama kisu. Usiku mmoja tu, kamba yangu mpya ya nailoni, nene kama kidole gumba, ilikatika nyuzi mbili kati ya tatu kwa kusuguana na jiwe moja. Tangu hapo sehemu yoyote inayogusa lava naivisha kipande cha mpira wa zamani wa pikipiki.

Sikuambii uhame Goma. Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na amri ya kuondoka ikatolewa siku chache baadaye, wengi waliokolewa na ziwa, walipanda boti. Mwenye chombo kizima Goma ana mlango wa pili wa nyumba. Lakini tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu Februari, ruhusa za ziwani zinabadilika. Ulizia bandarini siku ile ile ya safari, na usivuke usiku. Gizani wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wako kazini, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu zimetandazwa. Ukizipasua umemlia mtu chakula cha watoto wake.

Je, Idjwi? (Dada wa Bagira)

Dada, kwa maisha ya tanga sijaona pazuri zaidi kwenye ziwa hili. Kisiwa kina urefu wa kilomita 40 hivi, hakuna daraja, kwa hiyo kila mtu pale anaelewa chombo: ukifika umelowa, hakuna anayekuuliza kwa nini. Upepo ukichafuka upande mmoja unakwenda kujificha upande wa pili. Kuna mananasi, kuna kahawa, usiku unasikia makasia.

Usiende kwa uzuri huo peke yake. Jiulize mtoto akishikwa na homa usiku, utampeleka kwa nani na kwa chombo gani. Kwa umeme utategemea sola yako. Na utakuwa mgeni kwenye ardhi ndogo yenye watu wengi; nenda kwanza kwa chifu na kwa majirani, kaa, usaidie kuvuta nyavu, kabla hujataja neno kununua.

Sisi wa Lubumbashi hatuna ziwa. Tutoke? (Papa wa Kamalondo)

Si lazima mtoke mkoani. Ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira mwaka 1930, liko upande wa Likasi. Kina chake ni kifupi, panafaa kujifunzia. Mkitaka kuhama kabisa, tazameni Kilwa au Pweto kwenye Ziwa Moero.

Kalemie ni habari nyingine. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na upepo wa kiangazi kutoka kusini-mashariki unapata uwanja mrefu wa kukimbilia kabla ya kufika kwenu, kwa hiyo mawimbi yake yanafanana na ya bahari. Aliyejifunza Kivu asijione fundi kule. Mamba na viboko wapo. Maji nayo yamepanda miaka ya karibuni yakafunika nyumba za ukingoni Uvira na Kalemie: jengeni juu, mashua ibaki chini.

Nina miaka 26, nataka bahari yenyewe. Zanzibar, Kilifi, au Moanda yetu? (Seremala, Ibanda)

Moanda ni kwetu, hutahitaji kibali cha mtu, na inafaa tujivunie zile kilomita 40 hivi za pwani tulizo nazo. Lakini ufuo wake uko wazi mbele ya Atlantiki, na mto Kongo unatoka kwa mkondo wenye nguvu sana. Kwa mwanzo si pa kujaribia.

Ungekuwa mdogo wangu ningekutuma pwani ya Mashariki, kwa sababu kule tanga bado ni kazi ya watu. Upepo wenyewe una kalenda: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kuna jambo ambalo Kivu haitakufundisha kamwe, nalo ni maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, tofauti inakaribia mita 4. Ulipoacha mashua ikielea utaikuta imelala mchangani. Kijito cha Kilifi kina kinga nzuri, ndiyo maana vyombo vya mbali hutia nanga pale.

Ardhi usiiwazie sasa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, na Tanzania asiye raia hapati ardhi ila kwa njia ya uwekezaji. Panga chumba.

Wewe ni seremala, una pasi ya kuingilia. Nenda mahali wanapounda mashua, uombe kazi ya kukalafati, uzibe nyufa kwa pamba na mafuta. Utajifunza maneno pia. Mimi nilikuwa sina neno la kwenda mbele kwa kukatakata dhidi ya upepo, mpaka mzee mmoja wa pwani aliponiambia huko ni "kwenda bisha". Nililiandika kwa mkaa kwenye ubao wa ndani wa mashua yetu, na bado lipo. Ukifika, niandikie maneno mengine. Ubao una nafasi.