Mwanangu, usiwagawane watoto

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Unaniuliza kwamba sasa mmeachana kabisa na mama watoto wako, je umchukue mkubwa ukae naye Kigamboni na mdogo abaki kwa mama yake Mbagala, ili kila mmoja awe na wake. Nakujibu moja kwa moja, hapana baba, usiwatenganishe. Nyumba yao imeshavunjika, kilichobaki vilevile ni wao wawili kulala chumba kimoja na kugombania rimoti, sasa na hicho ukiondoe?

Unajua nimekaa baraza la kata miaka mingi, migogoro ya ndoa inapita pale kabla ya kufika mahakamani, kwa hiyo sikuambii kwa huruma ya bibi tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, ingawa jambo hilo linaweza kupingwa, na hakimu anatakiwa aangalie pia ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Mkubwa ana 13, yeye anaweza kusikilizwa anataka nini. Ila kumsikiliza sio kumkalisha sebuleni umuulize "unanipenda mimi au mama yako", hilo swali usimuulize hata siku moja, mtoto hana jibu lake, akijibu lolote anaona kamsaliti mmoja wenu.

Na nikwambie nilichokiona likizo walipokuwa hapa Tanga. Ukipiga simu mkubwa anatoka nje anaongea peke yake, akirudi anamwambia mdogo wake "baba kakusalimia sana", na mimi nipo dirishani nimesikia mazungumzo yote, hukumsalimia, ulikuwa unamtuma amwambie mama yake hela ya matumizi itachelewa. Yani mtoto wa darasa la saba anabeba deni la baba halafu anatunga na salamu ili mdogo asiumie. Inaniuma sana mwanangu. Habari za hela mpigie mama yao mwenyewe, kama hamuelewani andika meseji, kama mmeshindwa kabisa nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, watoto wasiwe wajumbe.

Huyu mdogo ameanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, msimchape wala msimcheke, ni hofu hiyo. Anataka kujua vitu vidogo tu, nani atanifuata shule, baba atakuja lini, na ukisema Jumamosi iwe Jumamosi kweli, sio unamwacha amevaa viatu tangu asubuhi anachungulia getini. Akiuliza kwa nini hulali nyumbani mwambie mimi na mama hatukai pamoja tena, sio kosa lako, na mimi bado baba yako. Basi, mengine ya wakubwa muache. Na walimu wao wa darasa waambieni, ili mtoto akibadilika wajue pa kuanzia.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa wao haki ya kuja kwako na kukaa na wewe, ili mradi masomo yasivurugike, kwa hiyo waje wote wawili wikiendi, weka nguo zao na miswaki hapo kwako wasitembee na mabegi kama wageni.

Kabla hujamwambia mkubwa chochote mpigie kwanza mama yao mpange. Desemba nawataka wote huku, nauli nitachangia.

Mama yako.