Spika za mtumba: kuwa na wasiwasi na zile zinazong'aa

SWALI: Fundi, nimepata jozi ya Yamaha NS-10M ya mtumba. Maboksi yamekwaruzika na koni nyeupe zimegeuka njano. Duka la jirani lina spika nyingine, kubwa kidogo, zinang'aa kama mpya. Nichukue zipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, umanjano huo ni umri tu. NS-10M zilianza kutoka 1978 na kiwanda kikaacha kuzitengeneza 2001. Koni zake, yale mabakuli ya karatasi yanayotikisika mbele, hubadilika rangi, sauti haiharibiki kwa hilo. Mikwaruzo itumie kuombea punguzo. Kwenye boksi angalia kitako: mbao ya unga ikishanyonya maji huvimba, maungio yanaachia, hewa inavuja na besi inapotea.

Hizo zinazong'aa ndizo zinazonitia shaka. Kila mara naletewa spika zilizopuliziwa rangi nyeusi hadi kwenye koni, na mwenyewe anashangaa kwa nini zinakoroma. Rangi inaongezea koni uzito, na mbaya zaidi inaficha ubovu wa chini yake. Sponji ya ukingoni huoza yenyewe kwa miaka, hata spika ikikaa tu, na unyevu wa Pwani unaiharakisha. Dawa yake ni kubandika sponji mpya ya kipimo chake. Hawa wapaka rangi wanaziba kwa supagluu na kipande cha tyubu ya baiskeli! Gundi ikikauka koni inakakamaa, inakaa upande, koili, ile waya iliyosukwa nyuma ya koni, inasugua sumaku hadi inaungua. Wengine wanasuka koili kwa waya wowote waliookota, spika ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) inageuka kuwa ya 4, inavuta umeme mwingi, halafu amplifaya yako ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo, spika yoyote ile, toa wavu wa mbele. Sukuma koni ya besi polepole kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukisikia mkwaruzo, iache. Twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, usiiguse, ikibonyea ni hasara ya kweli. Multimita (mita ya kupimia umeme), ukiiweka kwenye omu, kwa spika ya omu 8 isome kama 6 hadi 7, na zote mbili zikaribiane. Kisha sikiliza moja moja kwa sauti ya chini, sikio karibu na twita. Muuzaji anayefungulia besi hadi mwisho mara nyingi anafunika twita iliyokufa, na akikukatalia kutoa wavu, ondoka.