RAM inaisha na hakuna programu inayoila? Ikague keneli

Siku tatu nilimsaka mwizi asiyekuwepo. Seva ya Linux yenye RAM ya gigabaiti 16 ilikuwa ikianza kujikokota kila baada ya siku nne au tano, kisha usiku hifadhidata inauawa. Nikafungua top, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, nikaiona hifadhidata imekaa juu kabisa, nikaipunguzia kashe. Wapi! Keneli, yaani moyo wa Linux, ikiishiwa kumbukumbu kwa kawaida huua programu iliyonenepa kuliko zote, hata kama uhaba umeletwa na mwingine.

Nilizinduka nilipojumlisha tu. Programu zote pamoja, gigabaiti 4 hivi. Faili zilizo kwenye kashe, 1 na ushee. Na zilizobaki? Wakati huo kswapd0, mchakato wa keneli, ilikuwa imehodhi kiini kizima cha prosesa, na nusura niilaumu nayo. Maskini, kazi yake ni kuamka RAM iliyo wazi ikishuka chini ya kiwango fulani na kutafuta kurasa (vipande vya RAM) za kurudisha. Ilikuwa inazunguka bila kupata kitu.

Basi kabla hujagusa mpangilio wowote, piga hesabu hiyo. Soma /proc/meminfo, faili ambamo keneli huorodhesha matumizi ya RAM. MemFree ikiwa ndogo usishtuke, maana Linux hujaza nafasi tupu kwa kashe ya faili, tazama MemAvailable. Kisha shuka hadi kwenye slab, kumbukumbu ambayo keneli hujitengea yenyewe: SReclaimable, ambayo keneli inaweza kuirudisha ikibanwa, na SUnreclaim, ambayo haiwezi. Yangu ya pili ilizidi gigabaiti 9. Na ushahidi ulikuwepo tangu siku ya kwanza: ripoti ya mauaji ndani ya dmesg (daftari la matukio ya keneli) huandika slab_unreclaimable, ila kwa idadi ya kurasa (kwenye x86 kila moja ni kilobaiti 4), nami nikaipita nikidhani ni namba ndogo.

Ikiwa hesabu haifungi na slab ni ndogo, angalia HugePages_Total, idadi ya kurasa kubwa zilizotengwa. Huenda kuna mtu alizitenga akasahau.

Mimi niliendelea na slabtop -s c, inayopanga slab kwa ukubwa. Ingekuwa dentry (kashe ya majina ya faili) iliyo juu nisingehofu sana, kwa kuwa mara nyingi ni programu iliyopitia mamilioni ya faili. Iliyokuwa juu ni kmalloc-256, fungu la vipande vya baiti 256 ambavyo sehemu yoyote ya keneli huweza kuviomba kwa kmalloc, jina lisilomtaja mwenyewe. Nikaweka cron (kiendesha kazi kwa ratiba) iandike SUnreclaim kila dakika kumi. Kesho yake mstari ulipanda kila trafiki ya mtandao ilipokuwa nzito, na seva ile ilitumia draiva ya kadi ya mtandao iliyojengwa nje ya keneli.

Wengi watakuambia uandike 3 kwenye drop_caches, faili inayoiamuru keneli imwage kashe zake. Iandike mara moja kama kipimo: kisichoshuka ndicho cha kufuatilia. Kuiweka kwenye cron ni kujipunguzia kasi bure.

Nilipoiondoa moduli ya draiva hiyo, ongezeko lilikoma, lakini RAM haikurudi. Kilichoombwa kwa kmalloc kikasahaulika hakiachiliwi kwa kuondoa moduli. Ilibidi kuwasha upya, safari hii kwa draiva inayokuja na keneli yenyewe. Wiki mbili SUnreclaim haikupanda. Hifadhidata nikairudishia kashe yake.